Mkabaji wa Namba Zote Alipwe Kima cha Juu? Niambie Kwanza Nani Anafunga

Draymond Green ana pete nne za ubingwa wa NBA. Ana tuzo ya Mlinzi Bora wa Mwaka aliyoitwaa 2017. Na pamoja na hayo yote, Golden State Warriors hawajawahi kumpa mkataba wa kima cha juu. Julai 2015 alisaini dola milioni 82 kwa miaka mitano, wakati kima cha juu kwa mtu wa umri wake ligini kilikuwa kama milioni 94. Mikataba iliyofuata, wa 2019 na wa 2023, kila mmoja ulikuwa wa karibu milioni 100 kwa miaka minne, nao pia ulikuwa chini ya dari. Hela ipo, simwonei huruma. Ila ukimweka mezani yeye, unapata mfano mzuri kuliko wote wa ubishi unaorudi kila Julai dirisha la usajili likifunguliwa: mtu ambaye kazi yake kubwa ni kukaba, tena anayekaba kuanzia namba moja (mfupi anayepanga mchezo) mpaka namba tano (mrefu wa chini ya kikapu), alipwe sawa na wanaofunga pointi 28 kwa mechi?

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Ndiyo, alipwe, na wala si kwa huruma. Lakini alipwe na timu ambayo tayari ina mfungaji wake. Timu inayotafuta mfungaji ikimpa mkabaji kima cha juu, imenunua paa kabla ya kujenga ukuta.

Tuanze na kima cha juu chenyewe, maana wengi wetu tumekulia kwenye mpira wa miguu, ambako mwenye hela anatoa dau analotaka. NBA siyo hivyo. Kuna ukomo wa jumla ya mishahara ya timu, na ndani yake kila mchezaji ana ukomo wake kulingana na miaka aliyokaa ligini. Aliye chini ya miaka saba anaanzia asilimia 25 ya ukomo wa timu, wa miaka saba hadi tisa asilimia 30, wa kumi na kuendelea asilimia 35. Basi. Hata LeBron James wa miaka ile, ambaye soko huria lingemlipa labda mara mbili, alisimama hapo hapo. Kwa hiyo kima cha juu ni dari tu, na chini ya dari hiyo wamebanana watu wa uzito tofauti kabisa. Anayesema "Green hastahili kulipwa kama LeBron" anakuwa amesahau kwamba LeBron mwenyewe hakulipwa kama LeBron.

Angalia Julai ile ile ya 2015. Milwaukee walimpa Greg Monroe kima cha juu, milioni 50 kwa miaka mitatu. Monroe alikuwa fundi wa kufunga karibu na kikapu, ila miguu ya kukaba ilikuwa mizito. Sikumbuki mtu akikesha kubishana kama anastahili. Msimu wake wa pili pale alikuwa anaanzia benchi. Oklahoma City walilipa milioni 70 kwa miaka minne ili wasimpoteze Enes Kanter, mfungaji mwingine ambaye wapinzani walikuwa wakimtafuta uwanjani kama mwindaji anavyotafuta swala. Mfungaji anapewa hela kwanza, maswali baadaye. Mkabaji anaulizwa maswali kwanza, na hela ikija imeshapunguzwa.

Wapo watakaosema namba hazidanganyi, na namba za Green msimu ule zilikuwa pointi 11.7, ribaundi (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) 8.2 na asisti (pasi zinazozaa kikapu) 3.7 kwa mechi. Za kawaida kweli. Lakini msimu ule aliingia kikosi cha kwanza kwa sababu David Lee aliumia kabla ligi haijaanza, na Lee alipopona hakurudishiwa nafasi yake. Kocha Steve Kerr alikuwa mwaka wake wa kwanza, angeweza kucheza salama na jina kubwa. Alichagua kijana aliyechukuliwa wa 35 kwenye drafti, yaani uteuzi wa chipukizi, mwaka 2012, mwenye futi sita na inchi sita, ambaye msimu ule mshahara wake haukufika milioni moja. Kwenye kura za Mlinzi Bora 2015, Green alipata kura nyingi za nafasi ya kwanza kuliko mtu yeyote, akazidiwa na Kawhi Leonard kwa jumla ya pointi. San Antonio walimpa Leonard kima cha juu.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye mechi moja, kwa sababu hapo ndipo thamani ya mtu wa aina hii inapoonekana kwa macho. Ni fainali ya 2015, ambayo bingwa ni anayewahi kushinda mechi nne. Mechi ya nne, huku kwetu saa kumi alfajiri. Cleveland ya LeBron inaongoza 2-1. Warriors wamekuwa wakimwanzisha Andrew Bogut, mwamba wa futi saba. Msaidizi mmoja kijana wa benchi la ufundi, Nick U'Ren, anapendekeza Andre Iguodala aanze badala ya Bogut. Maana yake Green, mfupi kuliko hata mafowadi wengi, ndiye anakuwa namba tano, amkabili Timofey Mozgov wa Cleveland, wa futi saba na inchi moja.

Mozgov alifunga pointi 28. Ukisoma karatasi ya takwimu peke yake utasema Kerr alikosea vibaya. Warriors walishinda 103-82.

Kilichotokea ni hiki. Kila Mozgov aliporuka kuchukua mpira chini ya kikapu, Warriors walikuwa tayari wanakimbia upande wa pili na watu watano wanaojua kupiga pasi. Mozgov alikuwa anafunga mbili na kuchelewa kurudi. Na upande wa kukaba, kwa kuwa Green aliweza kumsukuma jitu chini, kisha akatoka nje kumfuata mwenye mpira, kisha akarudi kuziba njia ya LeBron, Kerr hakuhitaji mtu mrefu wa kulinda kikapu. Mechi ya tano Mozgov alicheza dakika tisa tu. Kocha wa Cleveland alimtoa mwenyewe. Ndiyo maana ya upana: mtu mmoja anawalazimisha wapinzani wabadili kikosi chao. Mechi ya sita, ya ubingwa, Green alimaliza na pointi 16, ribaundi 11 na asisti 10.

Anayefuatilia mpira wa kikapu wa leo anajua shambulizi linavyowinda. Unamtazama mkabaji dhaifu kuliko wote uwanjani, unamwita kwa skrini. Yaani mshambuliaji anayekabwa na huyo dhaifu anakuja kusimama njiani kumzuia anayemkaba mwenye mpira, wakabaji wawili wanalazimika kubadilishana watu, na mara yule dhaifu amebaki peke yake mbele ya mfungaji hatari kama Stephen Curry wa Warriors au James Harden. Kikosi chenye shimo moja kitatobolewa pale pale dakika arobaini na nane zote. Mtu wa aina ya Green anafanya mambo mawili hapo. Kwanza yeye mwenyewe si shimo, umwite na namba moja au namba tano. Pili, na hili ndilo takwimu zinashindwa kulishika, anaongea. Mtazame usiangalie mpira: mkono umeinuliwa, anamsukuma mwenzake kona ile, anamwita mwingine apande, skrini haijafika yeye ameshaitangaza. Anaziba matobo ya wenzake wawili au watatu kwa wakati mmoja. Halafu kwenye karatasi hakuna kitu kilichoandikwa.

Mashabiki wa soka wanaelewa hili haraka nikiwatajia kiungo mkabaji. N'Golo Kanté alitwaa ligi ya Uingereza na Leicester 2016, akahamia Chelsea akatwaa tena 2017, na bado picha za magazetini zilikuwa za mastraika.

Kuna usiku mmoja wa Februari 2017, dhidi ya Memphis, ambao mimi huutaja kila nikibanwa kwenye ubishi. Green alimaliza na asisti 10, mipira 10 aliyopokonya na ribaundi zaidi ya kumi. Pointi? Nne. Hakuna mwingine kabla yake katika historia ya NBA aliyefikisha tarakimu mbili kwenye safu tatu za takwimu bila pointi kuwa mojawapo. Timu ilishinda kwa tofauti ya pointi 15. Kama bado unauliza mtu anawezaje kutawala mchezo bila kufunga, jibu ni hilo.

Haya, sasa hoja ya upande wa pili, maana ipo na ina nguvu. Msimu wa 2019-20, kati ya wafungaji wa Warriors, Kevin Durant alishaondoka, Klay Thompson alikuwa nje msimu mzima, na Stephen Curry alivunjika mkono mechi ya nne. Akabaki Green. Warriors walishinda mechi 15, wakapoteza 50, rekodi mbaya kuliko timu zote za ligi. Yeye alipata wastani wa pointi nane. Marafiki zangu wanaombeza wananipigia mfano huu kila siku: "Mzee, mtu wa kima cha juu anaachwa peke yake, timu inakuwa ya mwisho?"

Sikwepi. Ni kweli, na hapo ndipo msimamo wangu unapozaliwa. Thamani ya mkabaji wa namba zote haisimami peke yake. Curry akibanwa na wawili, anamtupia Green mpira pale katikati, Green anageuka na kukuta wenzake wanne dhidi ya wakabaji watatu. Pasi moja, kikapu. Hiyo pasi ni ya Green, lakini wale wakabaji wawili wamevutwa na Curry. Ondoa Curry, Green anageuka na kukuta wanne dhidi ya wanne, na kila mkabaji amerudi hatua mbili nyuma akimkaribisha apige. Kwa hiyo Warriors ya 2015, yenye Curry na Klay ambao tayari walikuwa na mikataba, ingempa kima cha juu na isijutie hata siku moja. Timu iliyoshinda mechi 25, ikamchukua Green wa 2015 kwa hela hiyo hiyo, ingekuwa inashinda 32 na kulalamika.

Ushahidi mwingine ni wa ndugu yetu wa Lubumbashi, Bismack Biyombo. Yeye si wa namba zote, ni mlinzi wa kikapu, lakini somo ni lile lile. Mei 2016, fainali ya Kanda ya Mashariki, alichukua ribaundi 26 katika mechi moja dhidi ya Cleveland, rekodi ya Toronto Raptors. Toronto ile ilikuwa na Kyle Lowry na DeMar DeRozan, watu wa kufunga. Kila mpira Biyombo aliouokoa ulikuwa na pa kwenda. Miezi miwili baadaye Orlando Magic walimpa milioni 72 kwa miaka minne. Orlando walikuwa wamemleta pia Serge Ibaka, na Nikola Vučević alikuwapo, yaani warefu watatu wa mshahara mkubwa, na hakuna mtu hata mmoja wa kumpa mpira zikiwa zimebaki sekunde nane. Walishinda mechi 29. Lawama zikamwangukia Biyombo, ambaye alikuwa anafanya kile kile alichokifanya Toronto. Tuliomfuatilia kwa ukaribu iliumiza. (Yeye binafsi ni mtu wa aina yake: msimu wa 2021-22 alitoa mshahara wake wote wa timu ya Phoenix ujenge hospitali Kongo kwa kumbukumbu ya baba yake.)

Kwa upande wetu Tanzania, jina la Hasheem Thabeet halikwepeki. Memphis walimchukua wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden na mbele ya Curry, kwa sababu ya kuzuia mipira. Lakini ulinzi wa Thabeet ulikuwa wa urefu, wa eneo moja. Shambulizi la NBA lilipoanza kuhamia nje ya mstari wa pointi tatu, mrefu wa kusimama chini ya kikapu alianza kuonekana kama mlango wa nyumba ambayo watu wanaingilia dirishani. Sitaki kumhukumu zaidi ya hapo.

Hata Rudy Gobert, bora kuliko wote wa aina hiyo, mwenye tuzo nne za Mlinzi Bora, alikutwa na hili. Utah walimpa milioni 205 kwa miaka mitano Desemba 2020. Juni iliyofuata, mechi ya sita ya mtoano dhidi ya Clippers, Utah wakiwa mbele kwa pointi 25, wapinzani waliweka wafupi watano wanaojua kutupa kutoka mbali. Terance Mann akafunga 39, Utah wakatoka. Wakabaji wa nje wa Utah walikuwa wanapitwa kama hawapo, kwa hiyo si haki kumbebesha Gobert peke yake. Hata hivyo, pale ndipo unapoona tofauti ya bei kati ya anayelinda eneo moja na anayeweza kukaba popote.

Sharti la kuwa na mfungaji, hata hivyo, halitoshi. Philadelphia walikuwa na mfungaji wao, Joel Embiid, walipompa Ben Simmons kima cha juu Julai 2019. Simmons alikaba namba moja hadi tano kwa ufundi ambao mimi, mpenzi wa Green, nauvulia kofia. 2021 alikuwa wa pili kwenye tuzo ya Mlinzi Bora. Kisha ikaja mechi ya saba ya mtoano dhidi ya Atlanta. Yuko chini ya kikapu, mbele yake Trae Young, mfupi kuliko wote uwanjani. Anachotakiwa ni kuruka na kupachika. Akampa Matisse Thybulle pasi. Katika mechi zote za mtoano mwaka ule alikuwa amefunga asilimia 34 ya mitupo huru, na mtu wa namna hiyo anaogopa kuguswa. Ulinzi wake ulikuwa wa kima cha juu, lakini dakika tatu za mwisho alikuwa anaifanya timu ishambulie wanne dhidi ya watano. Green naye si mtupaji, jamani, tusidanganyane. Lakini anaweka skrini, anapasi haraka, anapenda mpira umfikie. Msimu wa 2015-16, wa kwanza baada ya kusaini ile milioni 82, alitoa asisti 7.4 kwa mechi na kufunga asilimia 38.8 ya mitupo ya pointi tatu. Mkabaji akiogopa mpira, punguza bei, hata kama anamkaba malaika.

Na punguza pia kwa hasira. Hapa namgeukia kipenzi changu mwenyewe. Fainali ya 2016, Warriors wanaongoza 3-1, Green anafungiwa mechi ya tano kwa makosa yaliyolimbikizana, la mwisho likiwa kumpiga LeBron. Cleveland wakapata pa kupumulia, wakarudi, wakachukua ubingwa. Mechi ya saba Green alifunga 32 na ribaundi 15 na asisti tisa, kama mtu anayelipa deni, na haikutosha. Kisha ngumi kwa mwenzake wa timu, Jordan Poole, mazoezini 2022, kisha kumkaba Gobert shingo Novemba 2023 na kufungiwa mechi tano, kisha kumpiga Jusuf Nurkić wa Phoenix mwezi uliofuata. Mtu ambaye thamani yake ni kuwapo kila mahali hawezi kuwa na tabia ya kutokuwapo. Sababu pekee ninayoikubali ya kumkata zile milioni 12 (94 toa 82) mwaka 2015 ingekuwa hii, na wakati ule bado haikuwa imejitokeza.

Ligi yenyewe imeshaanza kulitambua hili kwenye kanuni. Kijana aliyemaliza mkataba wake wa kwanza anaweza kupandishwa kutoka asilimia 25 hadi 30 akitwaa tuzo ya Mchezaji Bora, au akiingia timu bora ya mwaka, au akiwa Mlinzi Bora. Tuzo ya kukaba imewekwa mstari mmoja na ile kubwa kuliko zote. Evan Mobley wa Cleveland alisaini Julai 2024 mkataba wa kama milioni 224 kwa miaka mitano wenye kipengele hicho, akatwaa Mlinzi Bora 2025, na mkataba ukapanda hadi karibu milioni 269.

New York nao mwaka huo huo wa 2024 walimpa OG Anunoby milioni 212.5 kwa miaka mitano. Siyo kima cha juu, lakini si mbali. Watu walipiga kelele: hela yote hiyo kwa mtu wa pointi 14? Mimi sikupiga. Tangu walipomchukua kutoka Toronto hadi msimu wa kawaida unaisha, mechi alizocheza zilikuwa 23 na walishinda 20. Hofu pekee ya haki ilikuwa afya yake, maana alikuwa ametoka kwenye upasuaji wa kiwiko. Mfungaji walikuwa naye tayari, Jalen Brunson, ambaye Julai hiyo hiyo alisaini milioni 156.5, chini sana ya alichoweza kudai angengoja mwaka mmoja.

Kwa Mobley ndiko sina hakika. Kukaba anakaba, pasi anatoa, haogopi mpira. Na Cleveland walimfunga Donovan Mitchell kwa miaka mitatu kiangazi hicho hicho ili mfungaji awepo. Lakini mkataba wa Mobley ni mrefu kuliko wa Mitchell, na hiyo miaka ya mwisho, yenye hela nyingi zaidi, nani atakuwa anafunga?